Tiba ya "kutafuta chanzo" kwa magonjwa ya kinga kujishambulia: lipia mazungumzo, kuwa mgumu kwenye vipimo

Kliniki za tiba ya utendaji, zile zinazojinadi kwamba zinatibu chanzo na si dalili, zimekuwa kimbilio la watu wenye lupusi (kinga hushambulia ngozi, viungo na figo), baridi yabisi, Hashimoto (kinga hushambulia tezi ya thairoidi) na ugonjwa wa Crohn (kinga huchoma utumbo). Sababu inaeleweka. Mtu huambiwa ndani ya dakika 10 kwamba kinga yake inaushambulia mwili wake mwenyewe, akapewa dawa ya kumeza miaka yote, akaruhusiwa kwenda. Hakuna aliyemuuliza analalaje, anakula nini, wala kwa nini anaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Kliniki hizi huuliza, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Kasoro huanza mazungumzo yanapokwisha na orodha ya vipimo inapotolewa.

Miadi ya kwanza huchukua dakika 60 hadi 90, baada ya fomu ndefu ya maswali. Mtoa huduma mzuri huyapanga majibu kwa miaka: maambukizi makubwa, mimba, antibaotiki, msiba, kazi ya usiku, sigara, kisha dalili ya kwanza ilipojitokeza. Si kupoteza muda. Sigara huongeza hatari ya baridi yabisi na hupunguza nguvu ya dawa zake, kwa hiyo kuiacha kunaweza kumsaidia mgonjwa kuliko kabati zima la vidonge. Au mgonjwa wa Hashimoto anameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, pamoja na vidonge vya chuma au kalsiamu, dawa hainyonywi vizuri, TSH (homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi) inabaki juu, naye anaongezewa dozi bure. Kutenganisha vidonge hivyo kwa saa 4 ndiyo tiba yenyewe. Jambo la namna hii hugunduliwa na mtu aliyepewa nafasi ya kusikiliza, na kwa hilo huduma hii inastahili sifa kamili.

Ili saa hiyo isipotee, nenda na majibu yote ya zamani yenye tarehe, makopo na pakiti za kila unachomeza zikiwemo dawa za mitishamba, na picha za vipele, maana siku ya miadi ngozi huwa imetulia. Andika pia viungo hukakamaa dakika ngapi kila asubuhi. Ukakamavu unaozidi dakika 30 huelekeza kwenye uvimbe wa ndani zaidi kuliko kuchakaa kwa viungo.

Sasa vipimo. Vinavyosaidia kweli ni vya maabara ya kawaida: picha kamili ya damu, CRP na ESR (alama za uvimbe mwilini), ini, figo, protini kwenye mkojo, feritini (akiba ya chuma), B12, vitamini D, na TSH pamoja na kingamwili za TPO (zinazoilenga tezi) inaposhukiwa tezi ya thairoidi. Kliniki ikianza na hivi, anza kuiamini. Ikivipita na kwenda moja kwa moja kwenye paketi maalumu, simama uulize.

Paketi inayouzwa sana ni ya IgG, aina ya kingamwili, dhidi ya vyakula. Unatoa damu, unarudishiwa orodha ya vyakula vilivyopakwa nyekundu, unaambiwa uviache vyote. Tatizo ni kwamba kingamwili za IgG dhidi ya chakula ni alama kwamba umekila na mwili umekizoea. Ndiyo maana vyakula unavyokula kila siku huongoza orodha. Vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya, Marekani na Kanada vimeshauri kipimo hiki kisitumike. Mgonjwa huacha vyakula 20, anakonda, nywele zinakatika kwa kukosa protini na chuma, kisha kukonda huko kunahesabiwa kuwa ugonjwa umezidi.

Kipimo cha zonulini, protini inayolegeza ukuta wa utumbo, kinachouzwa kama ushahidi wa "utumbo unaovuja", kina shida nyingine. Upenyezaji wa utumbo ni jambo halisi linalochunguzwa na sayansi, lakini vifaa vingi vya kibiashara vimeonekana kunasa protini zisizo zonulini. Kortisoli (homoni ya msongo) ya mate inayochukuliwa mara 4 kwa siku ili kuthibitisha "uchovu wa adrenali", yaani tezi zilizo juu ya figo, nayo inatafuta ugonjwa ambao madaktari wa homoni hawautambui. Kortisoli ya mate ya usiku wa manane ina kazi yake halali, kuchunguza ugonjwa wa Cushing (kortisoli kuzidi mwilini), na hilo ni suala tofauti kabisa.

Tahadhari pia na ANA, kipimo cha kingamwili dhidi ya viini vya seli za mwili wenyewe. Ikipimwa kwa damu iliyozimuliwa kwa kiwango cha 1:40, karibu watu 30 katika 100 wenye afya hutoka chanya. Kwa 1:160, karibu 5. ANA chanya pekee haimpi mtu lupusi, na anayeanzishiwa matibabu kwa karatasi hiyo tu anatibiwa karatasi.

Kuna makosa mawili ya mpangilio yanayoharibu majibu kabisa. La kwanza ni kuacha gluteni, protini ya ngano, kabla ya kupima seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni hiyo. Kipimo cha damu cha kingamwili za tTG-IgA, kikiambatana na IgA ya jumla, kinahitaji mtu awe bado anakula ngano. Akishaacha kwa miezi, kingamwili hushuka, jibu linatoka hasi, na ili kujua ukweli analazimika kurudia gluteni kwa wiki kadhaa huku akiumwa. Mtoa huduma anayekuachisha ngano siku ya kwanza bila kuchukua damu amekufungia mlango huo. La pili ni bayotini, iliyojaa kwenye vidonge vya nywele na kucha. Katika mashine nyingi za maabara, dozi kubwa hushusha TSH kwa uongo na kupandisha T4 (homoni ya tezi) kwa uongo, hata kingamwili za Graves, ugonjwa wa tezi kukimbia, zikaonekana zipo. Mtu mwenye tezi inayofanya kazi pole pole anasomeka kama mwenye tezi inayokimbia, anapunguziwa dawa, na hali inamzidi. Iache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na uitaje bila kuulizwa.

Kwenye chakula kliniki hizi hufanya vizuri, ila zisizidishe madai. Mlo wa kuondoa na kurudisha unaofahamika kwa herufi AIP huondoa nafaka, kunde, maziwa, mayai, karanga, mbegu, kahawa, pombe, na jamii ya nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo. Mwaka 2017 ulijaribiwa kwa watu 15 wenye ugonjwa wa Crohn au vidonda vya utumbo mpana, na 11 walipata nafuu kamili ya dalili kufikia wiki ya 6. Inatia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na wengi walikuwa kwenye dawa zao. Mwaka 2019 ukajaribiwa kwa wanawake wenye Hashimoto kwa wiki 10: walijisikia vizuri zaidi, lakini utendaji wa tezi na kingamwili havikubadilika kwa kiwango cha kuhesabika. Majibu yote mawili yasomwe pamoja.

Ukiujaribu, weka kipimo cha mwanzo kwanza: uzito, CRP, dalili zilizopewa alama kutoka 0 hadi 10. Ondoa kwa wiki 4 hadi 6, usizidishe. Kisha rudisha chakula kimoja tu: kidogo asubuhi, kiasi cha kawaida jioni, halafu kiache siku 3 ukiandika kinachotokea. Wengi hukosea hapa. Wakishapata nafuu wanaogopa kurudisha, na mwaka unaisha wakila vyakula 12. Wengine hurudisha mayai, maziwa na ngano wikiendi moja, wakiumwa hawajui wamlaumu nani. Usianze mlo na dawa mpya wiki ile ile. Na kumbuka magonjwa haya hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huja kliniki akiwa hali mbaya kabisa, kwa hiyo sehemu ya nafuu ingekuja hata bila mlo.

Virutubisho vya nyongeza ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Vitamini D ina ushahidi wa kuheshimika: utafiti wa VITAL ulifuatilia watu 25,871 kwa takriban miaka 5, na waliopewa IU 2000 kwa siku walipata magonjwa ya kinga kujishambulia kwa asilimia 22 pungufu. Huo ni ushahidi wa kukinga, si wa kuponya aliyekwisha kuugua, na haumruhusu mtu kumeza IU 20,000 kila siku hadi kalsiamu ipande na figo ziteseke. Seleniamu ya mikrogramu 200 huandikiwa wenye Hashimoto. Ikijumlishwa na iliyomo kwenye multivitamini na karanga za Brazili, kiwango cha sumu hakiko mbali, na dalili zake, nywele kukatika na kucha kuvunjika, hufanana na ugonjwa wenyewe. Aidini nyingi huweza kuichochea Hashimoto. Vidonge vya bizari ya manjano vyenye kiini cha pilipili manga, pamoja na mmea wa ashwagandha, vimesababisha majeraha ya ini. Mkojo mweusi, kuwashwa mwili au macho kugeuka rangi ni ishara ya kuacha siku hiyo hiyo. Mwenye lupusi aepuke alfalfa na ekinasia, ambazo huuzwa kwa jina zuri la kuimarisha kinga.

Mtoa huduma asiguse dawa za daktari bingwa bila bingwa mwenyewe. Prednisoloni ikikatwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu, tezi za adrenali hushindwa kuamka na mtu anaweza kufa. Kuhusu haidroksiklorokwini, jaribio la Kanada la mwaka 1991 lilionyesha kwamba wenye lupusi walioondolewa dawa hiyo walikuwa na hatari mara 2.5 ya ugonjwa kulipuka ndani ya wiki 24. Kwenye baridi yabisi, mifupa huliwa hata maumivu yakiwa yamepungua, na haijirudishi.

Kabla ya kulipa, uliza maswali 3. Je, ana leseni ya udaktari au cheti cha kozi tu? Je, virutubisho anavyoandika vinauzwa dirishani kwake, na unaruhusiwa kununua kwingine? Je, atamwandikia barua bingwa wako? Anayekwepa la tatu, muage kwa heshima.

Kwa mtu ambaye ugonjwa umetulizwa na dawa lakini uchovu, usingizi na tumbo bado vinamsumbua, naipa huduma hii alama nzuri. Kwa ugonjwa mpya unaowaka, bingwa atangulie. Wiki ya 12, rudia vipimo vile vile vya mwanzo katika maabara ile ile. Na kwa mwenye lupusi, usiridhike na kujisikia vizuri: figo huharibika kimya kimya, kwa hiyo protini ikionekana kwenye mkojo, nenda kwa bingwa wiki hiyo hiyo na karatasi mkononi.