Kuchukua matokeo ya ZAP kwa API: uzoefu wangu

Wengi wanaopima usalama wa tovuti kwa ZAP, programu inayotafuta mianya kwa kuijaribu tovuti yenyewe, huishia kwenye dirisha lake: anaandika anwani, anabonyeza kitufe cha kushambulia, anasubiri, anatoa ripoti ya HTML na kumtumia bosi. Mimi njia hiyo nimeiacha. Nalinda mifumo ya wateja, na mmoja wao ni SACCOS ambayo wanachama wake huingia mtandaoni kuangalia akiba na kuomba mikopo. Kila toleo jipya likipandishwa usiku, nataka kujua kabla ya ofisi kufunguliwa kama kuna mwanya umeingia nalo. Kwa hiyo ZAP yangu iko kwenye seva, haina dirisha, na kila ninachokitaka nakiomba kupitia API, yaani anwani ambazo skripti yangu inazitumia kuiagiza ZAP na kupokea majibu. Nitakaa zaidi kwenye kuchukua matokeo, maana hapo ndipo nilipoipenda programu hii.

Kwa asiyeifahamu, ilianzishwa na Simon Bennetts mwaka 2010 kutokana na programu ya zamani iitwayo Paros, ikakulia OWASP, shirika lisilo la faida linaloshughulikia usalama wa programu, ikahama huko mwaka 2023, na tangu 2024 inaitwa ZAP by Checkmarx. Bado ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa leseni ya Apache 2.0. Hakuna kifurushi cha kulipia kinachoficha API, na kwa ofisi ndogo kama zetu hilo ni jambo kubwa sana.

Unaiwasha kwa zap.sh na neno -daemon, unaipa pothi, kwa kawaida 8080, na ufunguo wa API. Ufunguo huo unautuma kwenye kila ombi kwa heda (mstari wa maelezo unaotangulia ombi au jibu) ya X-ZAP-API-Key. Ilivyo, inawasikiliza walio kwenye mashine yake tu, na ukiiweka ndani ya Docker, yaani kwenye kontena lililotengwa na mashine yenyewe, inabidi uitajie anwani unazoziruhusu. Tafadhali taja zile unazozihitaji, basi. Nimeona maelekezo mengi yanayoruhusu kila anwani ili mambo yaende haraka. Anayeishika API hiyo anaweza kuitumia kushambulia tovuti za watu kutoka kwenye seva yako, na anaweza kusoma kila ombi lililopita humo, nywila na tokeni za kuingilia zikiwemo.

Muundo wa anwani zake ni mmoja kila mahali: kwanza aina ya jibu, kwa mfano JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), kisha sehemu ya programu, kisha view kama unataka kuona au action kama unataka kitu kifanyike, mwisho jina la kazi. Ukishaelewa mmoja umeelewa yote. Na ukifungua ukurasa wa /UI kwenye kivinjari unaziona kazi zote zimepangwa, unajaribu moja moja kabla hujaandika hata mstari wa Python.

Sasa matokeo yenyewe. Jambo la kwanza ni wakati wa kuyachukua. ascan/view/status inakupa asilimia ya shambulio lilipofika, na ikifika 100 wengi huchota hapo hapo. Lakini ZAP ina kazi nyingine inayoendelea nyuma ya pazia: inakagua kila jibu lililopita bila kutuma shambulio lolote, ikitafuta heda zilizokosekana, vidakuzi visivyolindwa, taarifa zinazovuja. Foleni ya kazi hiyo unaiona kwa pscan/view/recordsToScan. Subiri isome 0, ndipo uchukue. Ukiwahi, tahadhari nyingine (ndivyo ZAP inavyoita kila tatizo inaloliona) zitaingia wakati skripti yako imeshaondoka, na leo na kesho utapata idadi tofauti kwa tovuti ile ile bila mtu kubadilisha chochote. Pia ujue kwamba namba zote zinarudi kama maandishi, "100" ikiwa ndani ya alama za nukuu, kwa hiyo zigeuze kuwa namba kabla ya kuzilinganisha.

Mimi huanza na alert/view/alertsSummary, inayonipa hesabu kwa viwango vinne vya hatari, kuanzia High hadi Informational. Kisha nakwenda alert/view/alerts, ambako nachuja kwa baseurl na riskId, na nachota kwa mafungu kwa kutumia start na count. Tovuti kubwa inaweza kutoa maelfu ya tahadhari, na kuziomba zote kwa mkupuo mmoja ni kuilemea seva bure.

Kila tahadhari inakuja na anwani, jina la kigezo (sehemu ya ombi inayobeba thamani), shambulio lililotumwa, ushahidi, kiwango cha hatari, kiwango cha uhakika, namba ya CWE (orodha ya aina za udhaifu wa programu) na ushauri wa kurekebisha. Kinachonifurahisha kuliko vyote ni messageId, namba ya ombi lililozaa tahadhari hiyo. Kwenye mfumo wa wale wana-SACCOS ilitoka tahadhari ya SQL Injection, yaani mtu anaweza kupenyeza amri zake kwenye hifadhidata, hatari High, uhakika Medium, CWE 89. Kigezo kilikuwa cha kutafuta taarifa za mwezi, shambulio lilikuwa alama moja ya nukuu, na ushahidi ni maneno ya hifadhidata yenyewe ikilalamika kuwa sintaksia ya SQL ina kosa. Kijana aliyeandika ukurasa ule akaniambia, "Kaka, hizo ni kelele za skana tu, mbona ukurasa unafanya kazi?" Nikaichukua ile messageId nikaipeleka core/view/message, nikapata ombi zima lilivyotumwa na jibu zima lilivyorudi. Nikambandikia kwenye tiketi. Aliliona jina la jedwali lake kwenye jibu, hakubishana tena, na jioni ile ile maombi yake kwa hifadhidata yakawa yanapitisha vigezo inavyotakiwa. Ripoti ya HTML isingetufikisha hapo upesi hivyo, kwa sababu humo ushahidi ni kipande kifupi, na msanidi anataka kuona kitu kizima.

Kuna kero ya marudio. Heda ya Content Security Policy, inayokiambia kivinjari kipakie vitu kutoka wapi, ikikosekana, unaweza kupata tahadhari hiyo hiyo ukurasa baada ya ukurasa, ilhali dawa ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva. Nazikusanya kwa pluginId, namba ya kanuni iliyotoa tahadhari (hiyo ni 10038), na kumpa mteja kitu kimoja cha kurekebisha. Kwa kulinganisha jana na leo natumia pluginId, njia ya anwani na kigezo. Usitumie id ya tahadhari wala messageId kwa kazi hiyo: hizo ni za sesheni ile tu, ukianza sesheni mpya zinabadilika. Na sesheni usipoihifadhi inapotea ZAP ikizimwa, kwa hiyo chota ushahidi kabla hujazima.

Ukitaka faili kamili, reports/action/generate inatoa HTML, JSON na hata SARIF, muundo wa matokeo ya ukaguzi unaosomwa na GitHub. Ila faili linaandikwa kwenye mashine ya ZAP, siyo kwako. Ndani ya Docker maana yake ni kwamba liko ndani ya kontena, na usipounganisha folda hulioni.

Nalisema hili kwa sababu linagusa pesa za watu: hesabu ya High ikirudi 0, usimwambie mteja kuwa yuko salama. Skana yenyewe haijui kwamba mwanachama huyu hapaswi kuona mkopo wa yule kwa kubadilisha namba kwenye anwani. Ukurasa umefunguka vizuri, hakuna kosa lililorudi, kwake hakuna neno. Hayo bado nayapima kwa mkono, kwa akaunti mbili tofauti.

Na ruhusa iandikwe. Kenya ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, Tanzania ina ya 2015, na kuushambulia mfumo wa mtu bila idhini yake kunaweza kukupeleka mahakamani hata kama nia ilikuwa kusaidia. Kwa kujifunza ipo Juice Shop ya OWASP, duka la mtandaoni lililojengwa makusudi likiwa na mianya. Liwashe kwenye kompyuta yako, pothi 3000. Limeandikwa kwa Angular, ambako kurasa hutengenezwa na JavaScript ndani ya kivinjari, kwa hiyo buibui wa kawaida wa ZAP, anayefuata viungo ili kuzipata kurasa, ataambulia chache. Tumia ajaxSpider, inayotumia kivinjari, subiri hali yake isome stopped, endesha shambulio la ascan hadi 100, subiri foleni iishe, kisha omba alert/view/alerts kwa riskId ya 3, yaani High, na usome ushahidi wa kila moja kabla ya kushuka kwenye 2.