Sponji za "Kuzuia Sauti" Nilizobandika Chumba cha Chini: Msinunue Kabla ya Kutazama Hii

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Mkinisikia leo nina sauti ya mtu aliyeudhika, ni kweli nimeudhika, na kilichoniudhi ni vipande hivi vyeusi vya sponji vyenye matuta kama trei ya mayai, ambavyo pakiti yake inadai vinazuia sauti.

Kwa mnaotutazama kutoka nyumbani, hapa Minnesota, Marekani, nyumba nyingi zina chumba chini ya ardhi, kwa kuwa msingi lazima ushuke chini zaidi ya udongo unaoganda wakati wa baridi, na kusini mwa jimbo hili sheria inataka futi 3 na nusu. Ukishachimba kiasi hicho, unaongeza kidogo na unapata chumba. Changu ninakikarabati ili nirekodie vipindi hivi, na kiko chini ya jiko, mahali hasa ambapo mama mkwe wangu hutwangia kisamvu.

Vipimo vya sponji mtavisoma wenyewe dukani. Tazameni sanduku hili la mbao nyepesi. Ndani nimeweka simu inayolia, nimelitandika sponji pande zote 6, kisha nimelifunika. Mnaisikia? Sasa ninaitoa sponji yote, ninafunika tena. Ule ukali mwembamba wa mlio umerudi, lakini kwa nguvu simu ni ileile. Sponji ni nyepesi na imejaa vitundu. Ukiiweka mdomoni unaweza kupuliza pumzi ikatokea upande wa pili, na panapopita pumzi sauti haikwami. Sitaidhulumu: inameza mwangwi, ndiyo maana leo siongei kama mtu aliye ndani ya pipa. Kumeza mwangwi ni jambo moja, na kuzuia sauti isitoke wala kuingia ni jambo jingine kabisa, na muuzaji anajua tofauti hiyo.

Sanduku la pili ni la bodi za jipsamu za unene wa inchi 5/8, tabaka mbili, na maungio yote nimeyapaka silikoni ya sauti, ile inayobaki laini kama mpira hata baada ya miaka. Simu ni ileile. Inamisheni masikio. Inasikika kwa mbali, kama iko kwa jirani. Sasa ninachukua drili na kutoboa tundu la kupitisha penseli tu... Haya! Mmesikia jinsi ilivyorudi? Ninaliziba kwa kidole, imepotea. Ninatoa kidole, imerudi. Mke wangu anasema nimecheza mchezo huu tangu asubuhi, na hakosei, kwa sababu tundu hilo ndilo mlango wenu usiogusa sakafu, ndiyo soketi za umeme, ndiyo nafasi mliyoiacha pembeni mwa bomba.

Sponji ilinigharimu dola 90, na kwa fedha hiyo ningenunua mirija kadhaa ya silikoni na bodi chache juu yake. Mtaniuliza kuhusu pamba ya mawe, kama Rockwool Safe'n'Sound: hiyo naikubali, ilimradi ijaze nafasi kati ya boriti na kufunikwa kwa bodi, na zaidi ya hayo haiungui. Sponji inaungua. Mwaka 2003, katika ukumbi wa The Station huko West Warwick, Rhode Island, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani, na watu 100 walikufa. Green Glue, ambayo licha ya jina lake si gundi bali uji mzito wa kupunguza mtetemo unaopakwa kati ya tabaka mbili za jipsamu, nimeiacha kwa sababu ya bei, na huenda nikaja kujuta.

Kuhusu kisamvu, niseme ukweli: mchi unapogonga kinu, mshindo hausafiri hewani bali unashuka kwenye mbao za sakafu, kwa hiyo jipsamu peke yake haiuwezi. Nilichofanya ni kuweka chini ya kinu kipande kinene cha mpira, mabaki ya mkeka wa mazoezi ambao sikulipia hata senti. Sikilizeni, anatwanga sasa hivi... Sponji yote ya dola 90 haijafikia nusu ya hapo.

Kipindi cha Ijumaa kimesogezwa hadi Jumapili, kwani ninafunga dari, na bodi moja ya unene huu siwezi kuinyanyua peke yangu.