Ngome ya Flint: kiingilio bure, na mbwa wa watu bure vilevile

Nilitaka kuipa nyota moja. Ngome yenyewe haina kosa, najua, lakini mwenye mbwa simjui hata jina, sasa hasira nizipeleke wapi?

Tulikwenda siku moja ya jua, na jua la Wales ukiliona usiulize mara mbili. Mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Flint niliichagua kwa ubahili tu. Conwy na Caernarfon, ngome nyingine za Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, lazima ukate tiketi, nasi tulikuwa vichwa vitano. Flint unaingia kama uwanja wa jirani, na ndiyo ngome Edward aliyoanza nayo huku Wales, mwaka 1277.

Na ni pazuri, nisiwe mchoyo. Mnara mkubwa umesimama kando ya ngome, na handaki lake mwenyewe, kama mtu aliyenuniana na wenzake. Ukuta wake chini una unene wa kama mita 7, na ndani ya unene huo kuna njia ya kuzunguka. Watoto walifukuzana humo mpaka wakaishiwa pumzi. Kicheko kinapotelea huku, kinatokea kule. Mama mkwe hakutaka habari za minara. Alikaa kwenye majani akitazama maji ya mto Dee, pale unapoingia baharini, yakipwa, tope likabaki limelala wazi kuelekea ng'ambo. "Kumbe na kwao bahari hupwa," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike nikamwona ametulia.

Tukafungua sambusa. Nikawa nawahadithia watoto habari za mwaka 1399, Mfalme Richard wa Pili alipoangukia hapa mikononi mwa binamu yake Henry. Froissart, mwandishi wa historia wa zama hizo, anasema mfalme alikuwa na mbwa asiyemfuata mtu mwingine yeyote. Siku hiyo mbwa akamwacha bwana wake, akamwendea Henry, akamwekea miguu mabegani.

Nimefika hapo hapo kwenye miguu. Wallahi situngi. Likatokea libwa moja lililotoka kuogelea topeni, likampandia mama mkwe, miguu miwili juu ya kanga, ulimi ndani ya bakuli. Mama akapiga ukelele, chupa ya chai ikaenda upande wake.

Mwenyewe akaja taratibu, kamba ameizungusha mkononi. "Hang'ati, anapenda watu tu." Nikamwambia huyu ni mama yetu, anaogopa, na sisi mate ya mbwa kwetu ni najisi. Akanitazama kuanzia viatuni. "Kama mnaogopa mbwa, msije mahali pa wazi." Kisha akamsifu mbwa! Akampapasa kichwa kwa kazi nzuri aliyoifanya, wakaondoka. Samahani hata ya kuzugia hakutoa.

Mkwe si mtu wa kuparamiwa na mbwa mbele ya macho yako. Njia nzima sikuweza kumtazama usoni. Na kanga ile ilitakiwa ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Udongo ulikuwepo tele. Maji tulikuwa na chupa mbili.

Kwa hiyo ushauri wangu: lipeni tu mwende Conwy. Penye tiketi pana mlinzi, na penye mlinzi mtu hufunga mbwa wake.

Ingawa, nikikumbuka vizuri, ngome moja tuliyowahi kulipia, huyo mlinzi kazi yake ilikuwa kuwakemea wanangu: shukeni, msiguse, msikimbie. Flint hakuna aliyewaambia neno, walipanda na kushuka mpaka viatu vikabadilika rangi. Basi nyota tatu. Mbili zilizobaki anazo yule bwana.

Mama mkwe ameshapanda ndege. Juzi amepiga simu, nyuma yake nasikia majirani wamejaa barazani. Anawasimulia jinsi mbwa wa mfalme alivyomlia sambusa zake. Nikataka kumsahihisha, "Mama, yule wa mfalme ni wa miaka mia sita nyuma." Akaniambia, "Baba, wewe ulimwona usoni? Basi niache nisimulie."