Nimekagua wapangaji watatu na hii huduma ya mtandaoni, naipa nyota tatu

Mi sio kampuni, nina nyumba moja tu ya kupangisha, na mpangaji aliyepita aliondoka na kodi ya miezi minne mfukoni mwake. Kwa hiyo safari hii nikaapa simpi mtu ufunguo kwa kumwangalia usoni tu, nikajiunga na huduma moja ya kukagua wapangaji, jina nalihifadhi.

Unaweka imeili ya mwombaji, anatumiwa linki, anajaza mwenyewe na kukubali, baada ya muda ripoti ya madeni na kesi zake inakuja kwako. Hapo nawapa maua yao. Namba ya kitambulisho chake siioni wala siitunzi, simu yangu ikiibiwa hainiletei kesi. Halafu kwa kuwa ni yeye anayeruhusu, kwenye mfumo wao inahesabika kama kuchungulia tu, haimshushi alama zake za mkopo (ile namba ya kuonyesha mtu analipaje madeni) kama pale mtu anapoomba mkopo na benki ikavuta ripoti. Ila uliza kabla hujalipa maana sio huduma zote ziko hivyo, na mtu anayetafuta nyumba anaweza kukaguliwa na wenye nyumba watano ndani ya mwezi mmoja, sa fikiria wote wamshushe.

Mwombaji wa kwanza ndo alinifanya niikasirikie hii kitu. Ripoti ikaja na deni lililopelekwa kwa wakusanya madeni pamoja na kesi ya kutolewa kwenye nyumba, kwenye mji ambao jamaa anasema hajawahi hata kulala. Nikaangalia vizuri, tarehe ya kuzaliwa kwenye ile kesi haipo, kilichofanana ni jina, na jina lenyewe wanalo watu kibao. Kasitoma kea wakakaa siku tatu ndo wananijibu eti niwasiliane na chanzo cha taarifa. Mpaka jamaa anaanza kuhangaika kusafisha jina lake kashapata nyumba kwingine, na mimi nabaki na aibu maana nilitaka kumkatalia kimya kimya bila kumwambia kwa nini. Marekani sheria ya mwaka 1970 inakulazimisha ukimkataa mtu kwa sababu ya ripoti umwambie, na umtajie imetoka kwa nani ili aweze kuipinga. Sheria iwepo au isiwepo unapoishi, we mwambie tu. Apu haikunikumbusha hata kidogo.

Wa pili alikuja na alama za kijani, namba kubwa inang'aa juu ya ukurasa, nikataka kusaini siku hiyo hiyo. Bahati nzuri nikashuka chini kwenye mistari midogo, nakuta ana mikopo minne, ukijumlisha marejesho ya kila mwezi yanakula zaidi ya nusu ya mshahara alioandika. Alama ni nzuri kwa sababu analipa kwa wakati, sawa, lakini ukiweka na kodi yangu juu yake huyu mtu atakula nini? Watu tunasahau hizi alama (ile FICO ya Marekani kwa mfano inaanzia 300 mpaka 850) zilitengenezwa ili mkopeshaji akisie kama utamlipa yeye. Kodi ya nyumba mara nyingi haimo kabisa, maana wenye nyumba wengi hawapeleki taarifa popote.

Ndo maana wa tatu alionekana mbaya kuliko wote. Ukurasa mtupu, hajawahi kukopa, apu ikamwandikia HATARI kwa wekundu. Hatari ya nini sasa, mtu hadaiwi na yeyote! Nikamwomba stetimenti ya benki ya miezi sita, kodi inatoka tarehe ile ile kila mwezi kama saa. Halafu nikapiga simu, sio kwa mwenye nyumba wake wa sasa, huyo hata mpangaji akiwa kichomi atamsifia ili ahame, nilimpigia wa kabla yake. Na sikujitambulisha kwanza, nikauliza tu kama ana nyumba ya kupangisha, maana wapo wanaoweka namba ya rafiki, na rafiki ukimuuliza hivyo anaanza kubabaika. Huyu akanitajia nyumba, vyumba na mpaka mwezi jamaa aliohama. Huduma nayo ina fomu ya kuulizia tabia ya mwombaji ila inaenda kwa mwenye nyumba wa sasa peke yake, na hakuna sehemu ya kuongeza mwingine, hilo nalo limewala nyota.

Kingine, wamepanga mwombaji ndo alipie ripoti, nimeenda kwenye mipangilio nikabadilisha nilipie mwenyewe, na naagiza kwa mtu ambaye nishamwonyesha nyumba na ameipenda.

Wa tatu ndo yuko ndani, huu ni mwezi wake wa saba. Usajili wangu bado haujaisha kwa hiyo ripoti nitaendelea kuzivuta, ila kile kisehemu chao cha kukushauri KUBALI au KATAA nimekizima.