TAHADHARI: Vishoka wa mirathi wanaojiita mawakili

Ndugu zangu, vishoka, yaani matapeli wa vibanda vya steshenari nje ya mahakama zetu za Tanzania, bado wapo, na suti zao zilezile, na mihuri yao ya kuchongesha. Kila msiba kwao ni mavuno. Na wale mnaosema "mtu mzima anaibiwaje kirahisi hivyo", tulizeni midomo kwanza muone mtu anavyoingizwa.

Mfiwa anafika na bahasha yake: cheti cha kifo cha RITA (wakala wa Serikali anayesajili vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha familia, barua ya serikali ya mtaa. Anaulizia dirisha la mirathi. Kabla hajafika dirishani anadakwa na mtu mpole ajabu. "Pole sana mama. Marehemu ni mzee wako?" Anaomba kuuona muhtasari, anausoma taratibu, anakunja uso. Huu utarudishwa, anasema, waliohudhuria hawajasaini wote. Na hapo anasema kweli! Muhtasari usio na tarehe, usio na saini za waliokaa kikao, au usiotaja wazi nani amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, unarudishwa. Ukweli huo mmoja ndio unaomfanya aaminike. Anayemsikiliza anaona amempata mtu anayejua kazi, tena aliyemwokoa na aibu ya kufukuzwa dirishani.

Anampeleka kibandani. Muhtasari unachapwa upya, unapigwa muhuri wenye neno WAKILI kwa herufi kubwa. Kisha zinakuja karatasi: "Saini hapa, na hapa, na hapa. Hii tupu nitaijaza mwenyewe, ina lugha ya kisheria." Uongo mtupu. Fomu za Mahakama ya Mwanzo ziko kwa Kiswahili na karani anazitoa palepale. Fomu namba I, ya kuomba usimamizi, mtu aliyemaliza darasa la saba anaijaza bila kusaidiwa. Lakini mfiwa hajalala, benki imegoma kutoa hata shilingi, ada za watoto zinadaiwa, na huyu bwana amekwisha kusalimiana na mlinzi na makarani wawili kwa majina. Nani asingeamini? Anasaini.

Ule muhtasari mpya ndio bomu lenyewe. Kwenye ukurasa wa pili, chini ya mjane, limeongezwa jina la "mdogo wa marehemu" kama msimamizi mwenza. Huyo mdogo hakuna anayemjua kwenye ukoo. Ni mwenzake kishoka. Akishapata hati ya usimamizi, Fomu namba IV, ndiye anayeingia benki, ndiye anayesimama kwa wapangaji, ndiye anayekwenda ofisi ya Ardhi. Wakili wa kweli hahitaji jina lake wala la rafiki yake kwenye hati ya usimamizi. Kazi yake ni kushauri, kuandaa nyaraka na kumwakilisha mteja, basi. Msimamizi anatoka kwenye kikao cha familia na anathibitishwa na mahakama.

Halafu hela. Hela ya kufungua jalada, hela ya tangazo, hela ya "kumwona mheshimiwa", yaani hakimu, zote kwenye namba ya simu ya kishoka. Ada ya mahakama inalipwa kwa kontrol namba ya Serikali, na risiti inatoka. Tangazo la kuwaita wenye pingamizi linatolewa na mahakama yenyewe, na ikiamriwa litoke gazetini, gazeti linalipwa moja kwa moja na risiti yake inawekwa kwenye jalada. Ya mheshimiwa ni rushwa, na mara nyingi mheshimiwa mwenyewe hana habari.

Kuna ubaya mwingine unaochelewa kuonekana. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi zinazoongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu. Marehemu ambaye maisha yake hayakuwa chini ya sheria hizo, mirathi yake inakwenda mahakama za juu. Kishoka hajali, anafungua pale alipo na watu wake. Nyumba inauzwa, hela zinagawanywa, na baadaye mrithi mmoja anakata rufaa na mwenendo wote unafutwa kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka. Familia inaanza upya, yeye ameshahamia kibanda kingine.

Anapenda pia kutisha kwamba mirathi "itakufa". Haifi. Kwa Mahakama Kuu, ikipita miaka 3 tangu kifo, mwombaji anatakiwa kueleza sababu ya kuchelewa. Ni maelezo tu.

Dalili zake? Hakupi namba ya shauri. Anataka hati halisi ya nyumba "ikahakikiwe", wakati hati hiyo inapelekwa Ardhi na msimamizi mwenyewe, baada ya kuteuliwa. Hana ofisi, hataki kuandikiana mkataba wa malipo. Jina lake halimo kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ambako kila wakili ana namba yake ya usajili na inaonekana kama cheti chake cha mwaka ni hai. Akijigamba kwamba anasimama Mahakama ya Mwanzo yoyote, muulize tangu lini: mawakili wameruhusiwa huko kwa mabadiliko ya sheria ya 2021, tena pale tu anaposikiliza hakimu mkazi. Yapo mengine, lakini hasira zinanipanda.

Maana adhabu ipo! Kanuni ya Adhabu inasema kughushi wosia, hati ya umiliki wa ardhi au kumbukumbu ya mahakama ni hadi kifungo cha maisha. Kujipatia mali kwa udanganyifu, hadi miaka 7. Sasa mbona wanashinda pale nje wanakunywa kahawa? Wakamatwe na mihuri yao mifukoni. Na karani anayewapigia simu kila akiingia mjane, naye asombwe nao.

Aliyekwisha kusaini asisubiri. Nenda masijala, ofisi ya majalada ya mahakama, na jina kamili la marehemu, omba kuona jalada, soma nani ameombewa usimamizi. Kama hati haijatoka, weka pingamizi kwa maandishi. Kama imetoka, omba mahakama hiyohiyo imwondoe msimamizi, na dai Fomu namba V, ile orodha ya mali na madeni: kwa Mahakama ya Mwanzo inatakiwa ndani ya miezi 4 tangu uteuzi, na vishoka karibu wote hawaijazi. Nyumba au kiwanja chenye hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati kabla ya kitu kingine chochote, kisha ndiyo uende polisi. Akiwa ni wakili kweli aliyegeuka mwizi, malalamiko yanapelekwa Kamati ya Mawakili. Asiye na hela ya wakili aulize msaada wa kisheria uliosajiliwa chini ya sheria ya 2017, au aende RITA.

Na ile karatasi tupu uliyosaini, itaje kwenye maelezo yako polisi, hata kama unaona haya.