Kisu cha Mfukoni cha Sheffield Chenye Mpini wa Pembe: Tukiangalie kwa Karibu

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina visu vitatu vya kukunja, vyote vimetoka Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, na vyote vina mpini wa pembe. Hiki ni pembe ya ng'ombe, hiki cheusi ni pembe ya nyati wanaofugwa India, na hiki kidogo cha zamani ni pembe ya kondoo dume. Nitakaa zaidi kwenye hiki cha kwanza kwa sababu ndicho kinacholala mfukoni mwangu kila siku. Na msimamo wangu nautoa mapema: ukiniuliza mpini gani unafaa kuliko yote kwa kisu cha mfukoni, nakujibu pembe ya ng'ombe. Sababu mtaziona wenyewe kwenye kamera.

Tuanze. Nakisogeza. Upande huu wa kulia una rangi ya njano inayoingia kwenye kahawia, na ndani yake kuna mistari myembamba inayokwenda kwa urefu. Sasa nakiinua, taa iwe nyuma yake. Mnaona pale pembeni, panapopita bamba la shaba? Mwanga unapenya kidogo, kama ukiangalia chai ya rangi kwenye glasi. Sasa nageuza. Upande wa kushoto karibu wote ni mweusi, ila kuna mchirizi mmoja mweupe unaoanzia kwenye ribiti ya katikati ukapinda kuelekea mgongoni. Kisu ni kimoja, pande mbili hazifanani hata kidogo. Wapenzi wa visu hivi wanaweza kukaa jioni nzima wanaonyeshana picha za mipini tu, na mimi nawaelewa kabisa, maana hakuna kiwanda kinachoweza kukutolea huo mchirizi mara ya pili.

Sasa hii pembe inafikaje hapa? Pembe ya ng'ombe ni keratini, kitu kile kile kilichotengeneza kucha zako, nywele zako na kwato za mnyama. Ndani ina uwazi, kwa sababu mnyama akiwa hai huwa imevaa juu ya mfupa. Fundi anaikata vipande, anaipasha moto mpaka ilainike, kisha anaibana katikati ya mabamba ya chuma yenye joto mpaka ule mviringo uondoke na kibaki kipande kilichonyooka. Harufu yake wakati wa kukata na kusaga ni ile ya nywele zilizoungua, huwezi kuikosea. Halafu kipande kinakatwa kwa umbo la kisu, kinatobolewa, kinapigwa ribiti juu ya bamba la shaba ya njano, kinasuguliwa na msasa na mwishoni kinang'arishwa mpaka kitoe huo mng'ao.

Lakini jamani, pembe haisahau ilikotoka. Ilikua imepinda, na ikipata joto jingi au ikikauka sana itajaribu kurudi kwenye upinde wake. Ndiyo maana kwenye visu vya pembe, tena hata vizuri, unaweza kukuta mwanya mdogo hapa, pembe inapokutana na hiki kipande cha chuma cheupe kwenye kichwa cha mpini. Changu kinao. Nikipitisha ukucha, nausikia. Wakati wa baridi, nyumba zikiwashwa hita na hewa ikakauka, mwanya unazidi. Joto la mwaka likirudi na unyevu ukiongezeka, unapungua. Kwangu hiyo ni tabia ya pembe, siiiti kasoro. Kasoro ni ufa unaoanzia kwenye ribiti ukakimbilia pembeni, huo ukiuona kwenye picha za muuzaji, kiache.

Na msichanganye pembe hii na ya dume la wale wanyama wa Ulaya na Asia wanaoitwa deer kwa Kiingereza, si paa wetu wa Afrika. Ile yenye magamba na mikunjo ya kahawia, inayopendwa sana na wawindaji, ni mfupa, na mnyama huiangusha kila mwaka ikaota nyingine. Kwa miaka mingi Sheffield ilitumia ya sambari, deer mkubwa wa India, hadi serikali ya India ilipozuia kuuza nje mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni nzuri, siipingi, ila mfukoni inakwaruza na inajaza. Pembe ya ng'ombe ni laini mkononi, inapata joto la kiganja haraka, na mkono ukiwa na jasho haitelezi unavyodhani.

Twende kwenye chuma. Umbo hili la bapa linaitwa Lambfoot. Tazameni: makali yamenyooka mstari mmoja toka mwanzo hadi ncha, hayana tumbo. Mgongo ndio unaoshuka taratibu mpaka ukutane na makali. Na bapa linapungua upana likielekea mbele. Hii ni kazi ya watu wa shamba na bustani: kukata kamba, kufungua gunia, kupunguza matawi madogo. Faida kubwa ya makali yaliyonyooka ni kunoa. Unaweka bapa juu ya kinoo, lote linagusa kwa mara moja, unavuta. Mtu ambaye hajawahi kunoa kisu maishani akianza na Lambfoot atafanikiwa siku hiyo hiyo. Hasara ipo: kwa kuchuna ngozi ya mnyama hakifai, hapo unahitaji tumbo la makali.

Chuma chenyewe ni cha kaboni. Mtashangaa, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kilizaliwa hapo hapo Sheffield, mikononi mwa Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma, mwaka 1913. Na bado wengi wetu tunaopenda visu hivi tunachagua cha kaboni. Kinanoleka upesi, na kinabadilika. Angalieni changu: kilinijia cheupe kinang'aa, sasa kina mawingu ya kijivu na buluu. Haya yote ni machungwa, maembe na vitunguu. Utando huo ukishakaa unasaidia kuzuia ile kutu nyekundu, mradi unakifuta kila ukimaliza kazi. Usikiache na maji ya limao usiku kucha.

Sasa nyamazeni kidogo, msikilize. Nafungua. Umesikia? Nafunga. Huo mlio mkavu ndio unaokwambia habari ya springi. Kisu hiki hakina kufuli. Kinachoshika bapa ni springi ya chuma iliyolala mgongoni, inayokandamiza shina la bapa, yaani ile sehemu isiyo na makali inayoingia kwenye mpini. Ikiwa laini mno, kisu kitakufungia vidole. Ikiwa ngumu mno, utavunja kucha kwenye huu mfuo wa kufungulia. Hiki changu ni kigumu kidogo, nami napenda hivyo. Nikipitisha kidole mgongoni kikiwa wazi, springi na shina la bapa viko sawasawa. Nikikifunga, springi inajitokeza kidogo sana, unene wa karatasi. Mtu mkali atakitoa alama hapo. Mimi natoa kidogo tu, kwa sababu vitu hivi vinalinganishwa kwa tupa na jicho la mtu aliyekaa mbele ya jiriwa. Ninachokataa bila huruma ni bapa linalogonga shaba likifunga, na bapa linalocheza kushoto na kulia. Kukaza ribiti ya shina ni kazi ya nyundo chache, fundi hana kisingizio.

Na hao mafundi, niwaambieni habari zao kidogo. Sheffield ina mito mitano inayoshuka kutoka milimani, na kabla ya mvuke mito hiyo ndiyo iliyozungusha mawe ya kunolea. Chama cha watengeneza visu cha eneo lile, Hallamshire, kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. Karne ya 19 kisu kimoja kilipita mikononi mwa watu wa fani tofauti: mmoja anafua, mwingine ananoa, mwingine anaunganisha. Wanoaji waliinama juu ya mawe ya mchanga siku nzima, vumbi likawajaa mapafuni, na wengi walikufa wakiwa bado vijana. Ukishika kisu cha zamani chenye makali mazuri, hilo nalo ulijue.

Wengi wa mafundi hawakuwa waajiriwa. Walikodi chumba kimoja, wakachukua kazi kutoka viwandani, wakalipwa kwa idadi. Stan Shaw alikuwa mmojawapo. Alianza akiwa na miaka 14, akafanya kazi hiyo zaidi ya miaka 70, akatunukiwa nishani ya Dola ya Uingereza, na akafariki mwaka 2021. Miaka yake ya mwisho karakana yake ilikuwa kwenye makumbusho ya Kelham Island, na watu walisubiri miaka mingi kupata kisu kimoja kutoka kwake. Waliobaki leo ni wachache. Kampuni kama A. Wright & Son na mafundi wachache wanaofanya kazi peke yao ndio wanaoendelea kutengeneza hizi Lambfoot za pembe. Mtu akisema visu hivi ni ghali ukilinganisha na vya kiwanda kikubwa, mimi namuuliza ni mikono mingapi iliyobaki inayojua kunyoosha pembe.

Kuna jambo moja linatuhusu sisi wa pwani. Sheffield haikutumia pembe za ng'ombe peke yake, ilimeza pia pembe za ndovu kwa wingi. Kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ilikuwa na ghala zima la pembe hizo. Karne ya 19 Unguja ndiyo ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu Afrika Mashariki, na sehemu ya shehena ile ilifika minada ya London, ambako mafundi wa visu walikuwa wanunuzi wakubwa. Wapagazi walioibeba kutoka bara hadi pwani ni babu zetu. Kwa hiyo mimi sikusanyi visu vya pembe za ndovu, na Uingereza yenyewe sasa imepiga marufuku karibu biashara yote ya pembe hizo kwa sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022. Ukiona mpini mweupe wa krimu wenye mistari midogo inayokatana, uliza kwanza.

Utunzaji ni mwepesi. Mafuta ya watoto, tone moja kwenye kitambaa, unapaka pembe, unaacha usiku, unafuta asubuhi. Fanya hivyo mara moja moja, zaidi msimu wa ukavu. Tone jingine kwenye shina. Usikiache kwenye dashibodi ya gari juani, na usikiloweke kwenye beseni la vyombo, pembe itavimba na kupinda. Wenzetu wa Dar na Mombasa, pembe yenu haitakauka, hofu yenu iwe kutu: kifuteni na msikihifadhi ndani ya ngozi, ngozi inashika unyevu.

Mlioko Uingereza: kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unaruhusiwa kutembea nacho bila kutoa sababu. Hiki kiko chini ya hapo. Uwanja wa ndege kiache nyumbani.

Mwisho, visu vya Sheffield viliuzwa dunia nzima, kwa hiyo vipo kwenye masanduku ya wazee hata kwetu. Ukikipata, usikimbilie kukisugua, utaifuta stempu, ile alama ya mtengenezaji iliyogongwa kwenye chuma. Kifungue, soma chini ya bapa karibu na shina. Nyota na msalaba wa Malta ni alama ya Joseph Rodgers. I*XL ni ya George Wostenholm, mtengenezaji mwingine wa Sheffield. Herufi V na R pembeni mwa taji ni enzi ya Malkia Victoria, yaani kabla ya 1901. Neno ENGLAND lilienea baada ya 1890, Marekani ilipodai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka. Alama hizo ziliigwa sana zamani, kwa hiyo nipigieni picha ya stempu, ya springi kisu kikiwa wazi, na ya pande zote mbili za mpini, muweke hapo chini kwenye maoni. Nitazipitia moja moja na kujibu.