The Reagan Diaries: rais anavyoandika akiwa peke yake, nimesoma mpaka mwisho

Wakuu, nimemaliza The Reagan Diaries na niseme mapema tu, kama wewe ni mtu wa siasa za dunia na mambo ya vita baridi hiki kitabu kitafute, ila kisome macho wazi. Ni maandishi ya Ronald Reagan mwenyewe, aliandika kwa mkono wake miaka yote 8 aliyokaa Ikulu ya Marekani, kuanzia Januari 1981 mpaka Januari 1989, na alikuwa haruki siku kizembe, pengo kubwa ni lile la Machi 30 1981 alipopigwa risasi nje ya hoteli pale Washington akalazwa, na hata hapo akarudi akajaza baadaye. Yalikuwa madaftari matano ya jalada la ngozi, mwanahistoria Douglas Brinkley akayahariri na HarperCollins wakatoa kitabu 2007.

Kwanini nakipenda kuliko vitabu vingi vya marais wastaafu, kwa sababu vingi vina ugonjwa uleule, mzee kashapumzika, ana watu wanamsaidia kuandika, kila kilichoenda vizuri alikiona mapema yeye na kila kilichobuma kililetwa na waziri fulani ambaye sahizi kafariki hawezi kujibu. Hapa nafasi hiyo hamna. Jamaa anaandika leo hajui kesho kutatokea nini, kwa hiyo unamkuta anamwamini mtu ambaye wewe msomaji unajua miezi mitatu mbele atamwangusha, na roho inakuuma kabisa unataka umshtue. Na ni mtu wa heshima hata akiwa peke yake, matusi hamalizi kuyaandika, neno la jehanamu anaweka herufi ya kwanza na ya mwisho katikati mistari. Ile ya kupigwa risasi imeandikwa kifupi sana, anasema kupigwa risasi kunauma, alafu anasema alijikuta hawezi kumwomba Mungu amsaidie huku moyoni ana chuki na yule kijana aliyempiga, kwa hiyo akamwombea na yeye. Nimeirudia hiyo sehemu zaidi ya mara moja.

Sasa tuje kwenye washauri maana ndo nilichokifuata. Reagan alizungukwa na watu wenye nguvu ambao hawapatani. Waziri wake wa kwanza wa mambo ya nje, Alexander Haig, alijiuzulu Juni 1982, na kwenye daftari rais anaandika kwamba kitu pekee walichotofautiana ni nani anayepanga sera, yeye au waziri. Akaja George Shultz, nae akawa hapikiki chungu kimoja na waziri wa ulinzi Caspar Weinberger na bosi wa CIA Bill Casey. Hii vita inaenda miaka na miaka, unafungua ukurasa unaikuta, unaruka mwezi unaikuta tena. Novemba 1984 anaandika kwamba Shultz anatekeleza sera yake yeye rais, kwamba atakaa na Weinberger na Casey awaeleze hivyo, haitakuwa raha ila lazima ifanyike. Unasoma unasema eeh leo ataamua. Wapi, wale wote waliendelea na viti vyao na ugomvi ukaendelea vilevile mpaka 1986 huko. Alikuwa mtu asiyependa kabisa kumkwaza mtu wake uso kwa uso, na yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi wa namna hiyo anajua kinachofuata, wa chini wanaanza kuamua wenyewe wakiamini mzee atakubali tu.

Na ndo ilivyokuwa kwenye skendo ya Iran. Kwangu mimi hapa ndo kitabu kinalipa hela yote. Wamarekani walikuwa wametekwa Lebanon na vikundi vyenye uhusiano na Iran na rais alikuwa anaumia kweli, majina yao yanamkaa kichwani. Desemba 5 1985 anaandika kwamba kuna mpango wa siri wa kuwatoa, wanaoujua ni wachache sana, na kwamba hata kwenye daftari hataandika ni mpango gani. Hebu fikiria, daftari la kwake mwenyewe, hakuna wa kulisoma, na bado anaficha! Alafu Januari 17 1986 kuna kasentensi kamoja kafupi, kwamba amekubali kuiuzia Iran makombora ya TOW, yale ya kulipulia vifaru, basi, anaendelea na mambo mengine. Uamuzi uliokuja kukaribia kumng'oa umekaa hapo kama mtu anayeandika amelipia umeme. Hakuna nani alipinga kwa hoja ipi wala sheria inasemaje, wakati Shultz na Weinberger, wale wasiopatana kwa lolote, kwenye hili walikuwa upande mmoja wa kulipinga. Yaani ukiona maadui wawili ofisini kwako wamekubaliana kwamba kitu fulani ni kibaya si unasimama kwanza unauliza?

Novemba jarida moja la Lebanon likaanika ile biashara ya silaha na Iran, na hapa ndo unaiona akili yake kuhusu waandishi wa habari. Yeye anaona tatizo ni vyombo vya habari. Anaandika kwamba wanapika uzushi usio na uwajibikaji na wanataka kutengeneza Watergate nyingine, ile skendo iliyomng'oa Rais Nixon. Novemba 13 akatoka kwenye TV kuwaambia wananchi hakubadilishana silaha na mateka. Siku chache baadae, Novemba 24, anaandika kwamba wasaidizi wake wamemletea ushahidi mbaya, Iran ililipa zaidi na hela iliyozidi Kanali Oliver North akawapelekea waasi wa Contra kule Nicaragua, kinyume na sheria, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mshauri wake wa usalama John Poindexter alijua asimwambie. Mpaka Machi 4 1987 ndo akakiri hadharani kwamba moyo wake unamwambia hakubadilishana silaha na mateka ila ushahidi unasema vingine.

Mimi msimamo wangu kwenye hili uko wazi, waandishi walimsaidia Reagan kuliko washauri wake. Walichokifichua wao ndo kilimfanya ajue kinachoendelea ghorofa za chini za jengo analoishi. Na yeye ukurasa hadi ukurasa analalamika siri zinavuja, magazeti yanamuonea, hata ile ziara ya makaburi ya Bitburg Ujerumani 1985, ambako wamezikwa askari wa SS, jeshi la Wanazi wa Hitler, anaichukulia kama vita na waandishi badala ya kuwasikiliza Wayahudi waliokuwa wanalia kweli. Inasikitisha kwa sababu alikuwa mtu mwenye huruma, inaonekana wazi kwenye kurasa nyingine.

Sera za nje kwa ujumla ndo sehemu iliyonishangaza kwa uzuri. Oktoba 1983 anaangalia ile filamu ya bomu la nyuklia kuuangamiza mji wa Marekani kabla haijarushwa kwenye TV, anaandika kwamba imemvunja moyo sana. Mwezi uliofuata anaandika kwamba Warusi wana hofu ya kushambuliwa na inabidi waambiwe kwamba hakuna mtu ana mpango huo. Huyu ndo yule aliyewaita himaya ya uovu mwaka huohuo Machi! Ukifuata kuanzia hapo unaona mguu kwa mguu, mkutano wa Geneva 1985 na Gorbachev kiongozi wa Urusi, Reykjavik 1986 wanaachana kwa hasira, mpaka mkataba wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati Desemba 8 1987. Hii safari imo humu na ni tamu.

Ila Afrika, aisee. Nimetafuta kila palipotajwa kusini mwa Afrika, maana wakati huo Tanzania tuko mstari wa mbele, Mazimbu pale Morogoro ANC wana shule yao ya Solomon Mahlangu, watu wanalala na kuamka na habari ya makaburu. Desemba 1984 Askofu Desmond Tutu, ndo katoka kutangazwa mshindi wa Nobel ya amani, anaingia Ikulu kumweleza hali. Rais anaandika kwamba askofu, pamoja na kuwa mweusi, haoni kwamba tatizo kwa sehemu ni ukabila. Mtu anayeishi chini ya zile sheria za ubaguzi, aliyezika watu kwa sababu ya zile sheria, anaonekana hajui nchi yake! Septemba 1986 akapiga veto vikwazo dhidi ya serikali ya makaburu, Bunge lao likamshinda, Seneti kura 78 kwa 21. Alipokutana na Samora Machel, rais wa Msumbiji, 1985 kidogo akafunguka, akamuona mtu wa maana ambaye kweli anataka kutofungamana na upande wowote, lakini hata hapo kipimo ni kilekile cha Moscow. Kipofu wa aina hii hakutengenezwa na ubaya wa roho, ni watu wanaomletea mafaili kila asubuhi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelala Soweto.

Kuhusu kununua sasa. Chukueni hili toleo la kitabu kimoja, lile kamili la vitabu viwili lililotoka 2009 ni la mtafiti. Kingereza chake chepesi, sentensi fupi, kinachosumbua ni majina ya mkato, Cap (Weinberger), Bud (McFarlane, mshauri wa usalama kabla ya Poindexter), John P. (Poindexter), inabidi uwe umeyazoea. Kuna siku nyingi ni chakula cha mchana na nani, farasi wa shambani California na filamu za wikiendi Camp David, makazi ya mapumziko ya rais, hizo pitieni haraka. Na kama unaweza kupata la kusoma kwenye simu ni zuri zaidi kwa sababu unatafuta jina, andika Tutu, andika Machel, andika Savimbi yule kiongozi wa waasi wa UNITA Angola, soma hizo kwanza ndo uje kwa Gorbachev.